Mimi Ndiye Niliyekuwa Naandika "Zimebaki Mbili"

Juzi mjukuu wangu Shiko alikuja kunitembelea hapa Kangemi. Akaketi kwenye kochi, akainamia simu kama mtu anayejitoa mwiba. Nikamwekea chai, chai ikapoa. Nikamwuliza kama ni mgonjwa.

"Shosho, ngoja kidogo. Kuna ofa. Inaisha sa hii na zimebaki mbili tu!"

"Zimebaki mbili za nini?"

"Jiko za kukaanga bila mafuta."

"Na wewe huwa unakaanga nini?"

Shiko anaishi chumba kimoja na chakula chake anakila kibandani. Alinigeuzia simu nione. Kulikuwa na bei ya zamani imepigwa mstari mwekundu, bei mpya imeandikwa kubwa chini yake, na saa ndogo pembeni inahesabu kurudi nyuma. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Akadhani namcheka yeye. Sikuwa namcheka yeye. Niliona kazi yangu.

Sikilizeni, wajukuu zangu, na nyinyi wengine wote mnaopenda ofa. Kabla hayo maneno hayajaingia kwenye simu zenu, kulikuwa na mtu mjini Nairobi aliyekuwa anayaandika kwa kalamu nene nyekundu, kwenye kipande cha katoni. Mtu huyo ni mimi.

Shule niliacha darasa la nne. Lakini mwandiko wangu ni mzuri, mpaka leo hakuna mtu katika ukoo wetu anaweza kunishinda, hata wale waliofika chuo. Na huo mwandiko ndio ulinipa kazi. Niliingia katika duka moja la vyombo na matandiko, mtaa wa nyuma ya soko, kama mtu wa kupiga deki. Duka lilikuwa la familia ya Wahindi. Mzee alikuwa amefariki, na aliyekuwa anaketi kwenye kaunta ya pesa ni mkewe, mama mmoja mwembamba, miwani imening'inia kwa mnyororo, jicho lake linafika kila kona. Wateja wake walimwita Hansaben, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Nilikaa siku nyingi nikidhani ni jina moja. Kumbe jina lake ni Hansa, na hiyo "ben" ni heshima tu, kama vile sisi tunavyosema dada.

Siku moja karani aliyekuwa akiandika bei hakuja kazini. Nikaweka mopu chini, nikaandika bei ya sufuria kwenye katoni. Hansaben akaja, akavaa miwani, akatazama. "Mama Kamau," akasema, "wewe acha deki. Wewe andika."

Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa Mzee Musyoka, muuzaji mkuu. Alikuwa na suti moja ya kahawia na kucha safi kama za daktari. Alijua watu vile mkulima anajua mawingu. Mteja akivuka mlango tu, Musyoka ananinong'onezea: "Huyo ananunua. Yule amekimbia mvua. Yule wa nyuma amegombana na bwanake, mwonyeshe mapazia."

Somo lake la kwanza lilikuwa hili: usimweleze mtu blanketi, mpe alishike. Likunjue, liweke begani mwake, kama kuna baridi ndio vizuri zaidi. "Mkono ukishashika," alisema, "moyo umeshalipa. Imebaki mfuko tu kukubali."

Somo la pili nililipata kwa kukosea. Mama mmoja aliniuliza kama kweli blanketi limeshuka bei. Na mimi, mtu wa kanisa, nikamjibu: "La, mama, hata wiki jana lilikuwa bei hii hii. Hiyo ya juu nimeiandika leo asubuhi." Akaliweka chini, akaenda zake. Musyoka akanivuta kando ya rafu.

"Mama Kamau, wewe umeajiriwa na sisi ama na padri?"

Sikurudia tena. Lakini nilijifunza kitu ambacho nyinyi hamkijui: ile bei iliyopigwa mstari, mara nyingi haikuwahi kulipwa na mtu yeyote. Ilizaliwa ikiwa tayari imekatwa.

Na sahani je? Seti za sahani tulikuwa nazo stoo, nyuma ya pazia la kijani, katoni juu ya katoni mpaka darini. Mezani tuliweka seti mbili, na mbele yake katoni yangu: ZIMEBAKI MBILI. Mtu akinunua moja, tunangoja atoke mlangoni, halafu tunaleta nyingine. Nilimwuliza Musyoka kama huo si uongo. Akanionyesha meza. "Hesabu. Ni ngapi?" Nikasema mbili. "Basi."

Tulikuwa pia na kitambaa kirefu juu ya mlango kilichosema TUNAHAMIA WESTLANDS, KILA KITU LAZIMA KIISHE. Watu walituonea huruma. Wengine walinishika mkono wakinipa pole ya kufunga duka. Kitambaa hicho kilipauka kwa jua, kikararuka pembeni, tukashona kingine, na bado hatukuwa tumehama popote.

Msidhani kwamba kwa kuwa nilikuwa upande wa kaunta, nilikuwa salama. Mpishi pia hula. Wafanyakazi tulipunguziwa bei, basi nikajinunulia toasta ya kuchoma mikate, inang'aa mpaka unajiona meno. Nyumba niliyokuwa nimepanga wakati huo haikuwa na stima. Niliiweka juu ya kabati, nikaifunika kitambaa nilichofuma mwenyewe, na kila mgeni alipoingia nilikuwa naivua kitambaa kidogo ili aione. Panya ndio waliifaidi. Walizaa ndani.

Sasa niwaambie kitu kilichonifungua macho. Nyuma ya kaunta palikuwa na rafu tuliyoiita rafu ya niwekee. Mteja akipenda kitu lakini pesa hana, au anaenda mahali na hataki kubeba, alisema, "Mama Kamau, niwekee." Nilikifunga kwa kamba ya katani, nikaandika jina lake, nikakiweka pale. Mtu anaondoka akiapa kwamba kesho asubuhi atakuwa mlangoni.

Wengi hawakurudi. Na si kwamba walikosa pesa, kwa sababu niliwaona wakinunua vitu vingine. Nilikutana nao sokoni, wengine kanisani. Nikimwuliza, "Mama, ile seti yako ya glasi?" ananitazama kama nimemwongelesha Kichina. "Glasi gani?" Mtu huyo huyo alikuwa ameigombania na mwenzake mpaka wakataka kurarua katoni! Ndipo nikajua kwamba tamaa ya kununua ni kama uji. Ukiwa mekoni unaruka na kuchoma mkono. Uondoe tu, uuache pembeni, uone vile unafanya ngozi juu.

Hayo niliyajua, nikayanyamazia, kwa sababu mshahara wangu ulitoka kwa watu ambao hawakusema niwekee. Mpaka siku ya Mama Terry.

Mama Terry alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, akiishi mtaa wa Jamhuri na wanawe wawili. Alikuwa amefiwa na bwanake. Alikuwa mteja wetu wa kila mwisho wa mwezi, mtu wa viatu vya kung'aa na salamu ya kicheko. Miaka ile watu wengi walikuwa wanapunguzwa kazini, na barua yake ikafika. Aliniambia mimi peke yangu, tukiwa tumesimama katikati ya mapazia.

Lakini hakuwa amekata tamaa. Alikuwa na mpango, na mpango huo aliueleza huku mikono yake ikicheza hewani kama anaufanya tayari.

"Kuna mama mmoja wa Kihindi pale Westlands," akaniambia. "Anahamia kwa kijana wake ng'ambo. Anauza mashine yake ya kufuma sweta, ile kubwa ya vitanda viwili vya sindano. Nimeishika, Mama Kamau, inateleza kama maji. Na nimeongea na mwalimu mkuu wa shule iko karibu na sisi. Amesema nikileta sampuli nzuri, sweta za shule nzima ni zangu."

"Na pesa?"

"Ile walinipa ya kuniachisha inatosha mashine na nyuzi za kuanzia. Haibaki kitu. Lakini anataka yote mkononi, Jumamosi. Kuna mwanaume mwingine anaitaka, na yeye amesema atakuja hiyo Jumamosi jioni."

Basi mmeelewa. Pesa ya kazi yake yote ilikuwa imekuwa kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kimoja tu, na kina mtu mwingine anayekingoja. Akikikosa, hana mshahara, hana mashine, na watoto wako shuleni.

Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya ofa yetu kubwa ya mwisho wa mwaka. Tulipandisha mlango wa chuma, na mtu wa kwanza kuingia akiinama chini yake kabla haujafika juu alikuwa Mama Terry, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Si ulikuwa uende Westlands?" nikamwuliza.

"Naenda. Nimepitia kuangalia tu."

Jamani! Hakuna mtu amewahi kuingia duka kuangalia tu. Macho yana vidole. Kabla sijamaliza kufungua madirisha alikuwa amesimama mbele ya meza ya sahani, anasoma mwandiko wangu. Akachukua seti. Akachukua chupa mbili za chai, zile za maua. Akaenda kwa mablanketi, na Musyoka, ambaye hakujua lolote, akafanya kazi yake: akamtandikia moja begani. Nikaona vile alifumba macho.

Nikamfuata. "Mama Terry, hizi zote ni za nini?"

Akashusha sauti. "Kesho kina mama wa chama wanakuja kwangu. Ni zamu yangu kuwakaribisha."

"Wanajua umepunguzwa?"

"Shh! Nani awaambie? Unawajua wale. Wakikuta sahani zangu zimepasuka ukingo wataanza kunusa. Wakikuta kila kitu kipya, hakuna mtu atauliza swali."

Hapo ndipo nilielewa. Hakuwa ananunua sahani. Alikuwa ananunua watu wanyamaze. Na hiyo, wajukuu zangu, ndiyo bidhaa ghali kuliko zote, kwa sababu haiishi. Kila wakija unainunua upya.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia wazi, "Weka chini, hiyo ni pesa ya mashine." Mimi si mtu wa kuzungusha maneno, watu wa Kangemi wananijua. Lakini Musyoka alikuwa amenifundisha: ukimwambia mteja kwamba kitu hataweza kukilipia, atakinunua na cha pili akuonyeshe. Isitoshe Hansaben alikuwa ametukazia macho kutoka kwa kaunta, na alikuwa na sababu yake. Yeye, kama mama yake na nyanya yake, aliamini mteja wa kwanza hatoki mikono mitupu. Wao wanaita bohni. Hata sisi tuko nayo, muuza sukuma wiki atakubembeleza asubuhi, "Nifungulie, mama." Mteja wa kwanza akitoka bure, siku nzima imelaaniwa.

"Mama Kamau!" akaita. "Huyo ni wa kwanza. Asiende bure!"

"Haendi bure, Hansaben."

Nikachukua kichungi cha chai, kile kidogo cha waya, nikamtia mkononi Mama Terry. "Lipa hiki tufungue duka. Hivi vingine utavibeba aje mpaka Westlands? Uende na blanketi begani kununua mashine? Yule mama ataona una pesa, apandishe bei. Acha nikuwekee. Pitia baadaye."

Hilo la kupandishiwa bei ndilo lilimwingia. Akalipa kichungi. Hansaben akaigusisha ile pesa kwenye paji la uso, akanong'ona kitu, akaitia kwenye droo. Halafu akaona nafunga kamba.

"Nini hiyo? Wakati ya ofa hakuna kuweka!"

"Mpaka jioni tu."

Angenigombeza zaidi, lakini watu walikuwa wameanza kuingia kwa fujo. Mama Terry akaondoka. Nikavuta pumzi.

Ilipofika saa sita duka lilikuwa limejaa kama kanisa la Krismasi. Wateja wanataka sahani, stoo ni mbali, na vitu vya Mama Terry viko hapo mgongoni mwangu. Nikakata kamba. Nikauza seti. Nikauza chupa. Nikauza blanketi. Musyoka akanitazama, nyusi zimepanda.

"Unauza vya mtu?"

"Nauza vya duka. Mtu bado hajalipa."

Nilikuwa na hesabu yangu kichwani: kufikia sasa pesa iko kwa mama wa Westlands, mashine iko Jamhuri, na Mama Terry akija ataniambia "Sahani gani?"

Hesabu ilikataa. Saa nane hivi nikamwona mlangoni, jasho usoni, mkoba bado kifuani. Alikuwa amefika Westlands, mlinzi akamwambia mama ameenda hekaluni, arudi saa kumi. Mtu mwingine angekaa chini ya mti pale getini akangoja. Yeye alirudi mjini. Mkoba wenye pesa unajua kukosa subira.

"Nipe vitu vyangu," akasema. "Nimeamua. Mashine nitalipa nusu, hiyo nyingine nimpelekee pole pole."

"Amekubali nusu?"

"Nitamwomba."

"Anapanda ndege, Mama Terry. Utampelekea na nini?"

"Nimesema nipe vitu vyangu!"

"Haviko. Viliuzwa."

"Viliuzwa na nani?"

"Na mimi."

Nimeona watu wakikasirika dukani. Nimerushiwa ndoo, nimeitwa majina. Lakini hasira ya Mama Terry ilikuwa nyingine, ilitoka miguuni. "Wewe! Miaka yote hii niko mteja wako! Ama ni kwa sababu nimefutwa kazi? Eh? Umeona nimefutwa kazi ukaona siwezi kulipa?"

Duka lote liligeuka. Nadhani hata yeye alisikia maneno yale yakitoka, akatamani kuyameza. Alifunika mdomo, lakini mdomo ulikuwa umeshamaliza kazi.

Halafu mama mmoja aliyebeba beseni kiunoni, mtu hatukumjua, akasema kwa upole, "Dada, hata mimi walinipunguza. Usililie sahani."

"Kwetu ni bwanangu," mwingine akasema kutoka upande wa sufuria. "Anaamka asubuhi anavaa tai, anaenda kuketi bustanini mpaka jioni."

"Haki?"

"Haki ya Mungu. Anadhani sijui."

Musyoka akakohoa. "Tukihesabu waliopunguzwa humu ndani," akasema, "tutafungua ofisi." Watu wakacheka, hata yule mwenye bwana wa tai. Mama Terry hakucheka, lakini mabega yake yalishuka.

Hapo Hansaben akateremka kutoka kwa kiti chake, kitu ambacho hakufanya ovyo. "Nini shida? Huyu si ndiye alitufungulia? Mkono yake iko na baraka, leo tumeuza sana! Analia nini?"

"Seti yake imeuzwa," nikasema.

"Kwa hiyo tu? Stoo iko mingi! Musyoka, toa. Mpe kwa bei ile ile."

Musyoka alinitazama kama mtu aliyeambiwa avue shati mbele ya askofu. Lakini amri ni amri. Akavuta lile pazia la kijani.

Mama Terry akaona. Katoni za sahani, zile zile, kutoka sakafuni mpaka darini, mstari nyuma ya mstari. Akazitazama. Halafu akageuka akatazama katoni yangu mezani. Akaisoma kama vile anasoma barua.

"Mama Kamau, huu mwandiko si ni wako?"

"Ni wangu."

"Zimebaki mbili?"

"Mezani," nikasema.

Alitoa sauti fulani, si kicheko, si kilio. Akaangalia saa ya ukutani. "Sahani mko nazo mpaka darini," akasema, kama mtu anayejielezea mwenyewe. "Ile mashine ni moja."

Akageuka, akapenya katikati ya watu, akatoka.

"Mama!" Hansaben akaita. "Hutaki?"

Hakugeuka. Hansaben akanikazia macho yale yake. "Mama Kamau, umepoteza mteja."

"Nimepoteza seti, Hansaben. Mteja atarudi."

Akanitazama sana. Sijui alifikiri nini. Mama yule hakuwa mjinga, na alikuwa amemzika bwana na kulea watoto kwa duka lile. Mwisho akasema, "Enda uandike bei ya mapazia. Watu wanauliza." Na mimi nikaenda, nikaandika, kwa sababu kazi ni kazi.

Sasa nyinyi mnaniambia maduka ya siku hizi ni tofauti, yako mtandaoni, hayana Musyoka. Mnajidanganya. Musyoka yuko ndani. Yule anayekuonyesha kiatu ulichokitazama jana, ndiye anakutandikia blanketi begani. Ile saa inayorudi nyuma ni kitambaa chetu cha kuhamia Westlands. Ikifika mwisho inaanzishwa tena. Na duka letu angalau lilikuwa na mlango wa chuma tuliuteremsha jioni, mtu akaenda nyumbani akalala. La kwenu mnalala nalo kwenye mto.

Lakini wamewaachia kitu kimoja, sijui kama ni kwa kusahau. Wamewaachia rafu ya niwekee. Shiko ameniambia kwamba ukitaka, unaweka kitu kwenye kikapu huko huko kwa simu bila kulipa, na kinakaa. Basi weka! Weka vyote, jaza kikapu, usijinyime. Kisha funga simu unywe chai yako ikiwa moto. Ukirudi baada ya siku kadhaa na bado unakumbuka kila kilichomo bila kuchungulia, nunua, sitakukataza, mimi si mchoyo. Na kabla hujabonyeza, sema kwa sauti, masikio yako yasikie, hiki kitu unakinunua ili nani akione. Ukijikuta umetaja mtu ambaye hata hali kwako, kirudishe.

Na uwe na mashine yako. Iwe chochote: kodi, karo, shamba, cherehani, lakini ujue jina lake. Mtu asiye na mashine anayoiwekea pesa, hakuna wosia utamsaidia. Shiko nilimwuliza yake ni nini, akatazama dari. Tunaendelea kuongea.

Kurudi kwa Mama Terry. Siku zile zilipita na hakuja mjini. Mwisho wa mwezi ukafika, hakuja. Nilikuwa nikimfikiria nikifagia, nikimfikiria nikipika. Kama alichelewa? Kama mwanaume yule aliwahi? Basi mimi ndiye nilimrudisha rudisha mpaka saa zikampita. Musyoka alisema nijikalie tu, mteja si ndugu. Nilishindwa. Shule zilipokaribia kufunguliwa, Jumapili moja baada ya kanisa nilienda Jamhuri, nikauliza mpaka nikaelekezwa nyumba.

Nilisikia kabla sijabisha. Krrr kwenda, krrr kurudi.

Mlango ulikuwa wazi. Mashine ilikuwa katikati ya sebule, makochi yamesukumwa ukutani mpaka huwezi kupita, na nyuzi za kijani zimejaa kila mahali, hata juu ya televisheni. Mama Terry, mtu wa kwaya, Jumapili mchana, alikuwa ameketi hapo na kanga kiunoni, bila viatu.

"Mama Kamau! Ingia, ruka hizo sweta. Usikanyage mikono, hiyo ni ya kushona."

Nikaruka, nikapata mahali pa kuegemea. "Ulimkuta?" nikamwuliza.

"Nilimkuta yule mwanaume getini, anabishania bei!" Hakusimamisha mkono. "Anataka apunguziwe, anasema ina kutu, anasema arudi Jumatatu na hiyo nyingine. Mimi nikapita kando yake, nikaweka pesa yote mbele ya mama. Yote. Mama akaniangalia, akamwambia yule aende salama."

"Na wale wa chama?"

"Walikuja. Wakakuta hakuna pa kuketi." Akacheka kile kicheko chake cha zamani. "Niliwaambia kila kitu wakiwa wamesimama. Nikawapa chai na sahani zangu zile zile. Unajua walifanya nini? Waliniletea watoto wao niwapime sweta."

Nikangoja. Mgeni akiingia nyumba ya watu wetu, hata kama ni ya matanga, lazima kikombe kitatoka. Nilikuwa nimetembea kutoka Ngong Road juani na koo langu lilikuwa kavu kama gunzi. Mama Terry akavuta uzi, akahesabu mistari kwa midomo, akasukuma kile kitu cha mashine kwenda na kurudi.

"Mama Kamau," akasema bila kuinua macho, "chai leo utanisamehe. Shule inafungua Jumanne."

Nikamwambia aendelee. Nikaruka sweta, nikatoka, nikateremka mpaka barabarani na kiu yangu. Katika maisha yangu yote sijawahi kunyimwa chai nikaondoka nimeshiba hivyo.